Kisu cha Mashine na Ndugu Yake Keekee

Leo nataka kila mmoja wenu aweke mbele yake vitu viwili: kipande cha karatasi na wembe mmoja. Mwenye watoto wadogo karibu na auweke wembe mbali na mikono yao mpaka nitakapowaambieni kuutumia.

Ninyi mnaokaa Vigwaza mnajua kwamba malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hayatupiti hivi hivi. Yakisha kuvuka daraja la Ruvu hufika kwetu, na hapa lazima yapande mizani. Yakiwa katika msururu, mtu aliyekwisha kujifunza kusoma hakosi kazi. Mlangoni pana jina la kampuni, juu ya kioo pana jina la mtoto wa dereva, na nyuma pana sala fupi au maneno ya kumchokoza anayefuata. Bibi mmoja wa darasa letu aliniambia kuwa herufi kubwa alizijulia hapo mizani kabla hajazijua katika kitabu. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, herufi hizi hazikupakwa kwa brashi. Pembe zake ni kali mno. Nani anazikata?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile, na swali lenyewe likanikaa rohoni. Somo la leo ndilo jibu lake.

Herufi zile hukatwa na kisu kidogo sana, ncha yake haizidi ncha ya kalamu. Kisu hicho huvutwa juu ya karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma yake, ile ambayo sisi huiita stika. Anayekivuta si mtu, bali ni mashine inayofuata tarakimu. Mashine za jamii hii mafundi wa Keko, Dar es Salaam, huziita kwa herufi tatu tu, CNC. Fikirini meza, na juu ya meza boriti inayokwenda mbele na nyuma. Juu ya boriti pana kigari kinachokwenda kushoto na kulia, na katika kigari pana kifaa kinachopanda na kushuka. Kila mwendo una mota yake, na mota hizo huhesabu hatua. Kompyuta huziambia: wewe nenda hatua kadha wa kadha, na wewe kadha wa kadha; nazo hutii bila kuuliza.

Huko Keko mashine hizo hufungwa chuma kinachozunguka kwa kasi, kama keekee ya umeme, zikachonga nakshi za milango na vitanda. Kwa mbao ni kazi njema. Lakini ukiweka chini ya chuma hicho ngozi ya kutengenezea makubadhi, au kitambaa, au stika, kitaikamata, kitaizungusha na kuichanachana. Vitu vyororo havitaki chuma kinachozunguka. Vinataka kisu. Kwa hiyo fundi mwenye mashine ya mbao, ambaye hana fedha ya kununua mashine ya pili, hutafuta njia ya kuondoa ile mota ya kuchongea na kutia kisu mahali pake. Kishikio cha kisu namna hiyo huuzwa, nacho hutoka ng'ambo. Hata hivyo chaweza kutengenezwa kwa mkono. Nami nasema kwamba babu zetu wa pwani wangekielewa upesi kuliko tunavyodhani, maana sehemu zake walizipa majina zamani.

Basi turudi nyuma kidogo.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo, yaani miaka zaidi ya 1,900 iliyopita, Mgiriki mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia na wafanya biashara. Katika kitabu hicho ataja bandari ya mwisho ya pwani yetu, iitwayo Rhapta. Wataalamu wangali wakibishana ilikuwa mahali gani hasa. Jina lenyewe latokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu vyombo vya huko vilishonwa kwa kamba, havikupigwa misumari. Mwandishi yule ataja pia bidhaa zilizoletwa kutoka Muza, bandari ya Yemen. Sikilizeni ni bidhaa gani: mikuki, mashoka, visu na misharasi. Asema mikuki ilitengenezwa Muza makusudi kwa soko la huku.

Liangalieni sana jambo hili. Katika habari ya kwanza kabisa tuliyo nayo ya biashara ya pwani hii, watu wanaonekana wakinunua makali.

Walakini msidhani kwamba hawakujua kufua chuma. Kusini ya Dar es Salaam, mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Felix Chami, alichimba mahali paitwapo Limbo, akakuta taka nyingi za tanuru, zile ambazo wahunzi huziita mavi ya chuma. Taka hizo ni za karne za kwanza baada ya Kristo. Huko Dakawa nako, kando ya mto Wami, yamechimbuliwa mabaki ya watu wa kale waliofinyanga vyungu na kuyeyusha chuma. Mto Wami mnaujua, ndio huu unaoingia baharini upande wa Saadani. Kumbe wakati mabaharia wa Yemen wakishusha mashoka pwani, katika nchi hii hii moto wa tanuru ulikuwa ukiwaka au ukikaribia kuwashwa.

Sasa turuke miaka elfu moja na zaidi. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu kikubwa alichomwandikia mfalme wa Sisilia. Humo asema kuwa watu wa Malindi na Mombasa walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na Wahindi ambao walikisifu kwa kutengenezea panga. Yeye mwenyewe hakufika huku. Aliandika aliyoyasikia kwa wasafiri, kwa hiyo tusimshike kwa kila neno. Lakini maneno yake yaonyesha kwamba biashara ilikuwa imegeuka. Waliokuwa wakinunua makali sasa walikuwa wakiuza chuma, tena kwa Wahindi, ambao kwa kazi ya chuma hawakuwa wanafunzi wa mtu.

Haya, tuingie karakana. Nilisema vyombo vya kale vilishonwa. Chombo cha namna hiyo kilichodumu mpaka karne ya 20 ni mtepe wa upande wa Lamu. Ili kuzishona mbao za mtepe kwa kamba za kumbi, sharti kwanza zitobolewe matundu, na matundu hayo ni mamia kwa mamia. Chombo cha kutobolea kilikuwa keekee. Wazee mlio karibu na redio labda mmeiona kwa macho yenu, nanyi vijana waulizeni.

Keekee ina sehemu nne, na kamusi za zamani za Kiswahili zimezitaja zote. Kwanza kuna chuma chenyewe chenye makali, ambacho ndicho keekee hasa. Pili kuna msukano, yaani kipande cha mti ambacho chuma hukazwa ndani yake. Tatu kuna jivu, nacho ni kishikio ambacho msukano huzunguka ndani yake. Nne kuna uta wenye ugwe, unaozungushwa msukano mara moja, na fundi akiuvuta na kuusukuma, msukano huenda mbio huku na huku.

Ukiniuliza mimi ni sehemu ipi yenye akili zaidi, nitakuambia ni jivu. Jivu halizunguki. Mkono wa fundi hushika kitu kilichotulia na kukigandamiza ubaoni, na ndani ya kitu hicho kilichotulia mna kitu kingine kinachozunguka kwa raha yake. Bila jivu fundi angechubuka kiganja kabla ya tundu la kumi. Tena chuma kikiisha makali, au tundu likitakiwa kuwa pana zaidi, hakuwa na haja ya kutupa keekee nzima. Alikwenda kwa mhunzi akapata chuma kingine, akakitia katika msukano ule ule. Mhunzi alifua chuma, seremala alichonga msukano na jivu, na uta aliweza kuufanya yeyote. Hapakuwa na sehemu hata moja ya kungojea meli.

Keezo pia ni ndugu wa keekee. Hapo kinachozungushwa na uta si chuma bali ni mti wenyewe, na fundi hushika patasi kwa mkono wa pili, huku akiituliza kwa kidole cha mguu. Hivyo ndivyo zilivyokerezwa nguzo za vitanda vya Lamu. Sitakaa sana katika keezo leo, ingawa yastahili somo lake.

Basi, ufundi huu ulipotelea wapi? Haukupotea wote, wala haukupotea siku moja. Katika karne ya 19 vyuma vya viwanda vya Ulaya vilianza kuja kwa wingi na kwa bei nafuu, na mhunzi aliyekata miti, akachoma makaa, akachimba mawe ya chuma na kuvukuta siku kadha wa kadha hakuweza kushindana na bei hiyo. Bara walistahimili zaidi. Majembe ya wahunzi wa Usukuma na Unyamwezi yaliuzwa Tabora, na huko Ufipa tanuru za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi ziliendelea kuwashwa hata karne ya 20. Baadhi yake zingali zimesimama. Hapa kwetu, mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, waliwafundisha kazi za mikono watoto waliokombolewa kutoka utumwani, useremala ukiwa mmojawapo. Mafundi wakawa wengi na milango ya Bagamoyo na Unguja ikapendeza. Lakini chuma cha patasi zilizoichonga kilizidi kuwa cha kununua. Tulirudi pale pale pa mikuki ya Muza.

Baada ya uhuru serikali iliona jambo hili. Palijengwa kiwanda cha zana za kilimo Ubungo kwa msaada wa Wachina, na mwaka 1973 likaanzishwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa msaada wa Wabulgaria, pakajengwa kiwanda kilichojulikana kama Kilimanjaro Machine Tools. Kiwanda hiki hakikutengeneza majembe. Kilitengeneza mashine za kutengenezea vitu vingine: mashine za kukereza chuma, za kutoboa, za kupasulia mbao. Katika miaka ya 1980 nchi hii ilikuwa ikitengeneza keezo na keekee zake yenyewe, za chuma na za umeme. Mtu wa darasa hili anayesema kuwa sisi hatukupata kutengeneza mashine, mwambieni habari hiyo.

Kisha fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri havikuja, mipaka ilifunguliwa kwa bidhaa za nje, na kazi ikafifia. Mashine ikisimama yaweza kutiwa mafuta ikaenda tena. Mimi nasikitika zaidi juu ya mafundi, maana fundi aliyekwenda kuuza duka harudi upesi.

Aliyebaki siku zote ni mhunzi wa kando ya barabara. Springi ya lori iliyovunjika hufika kwake, naye huitia motoni akaifua ikawa tezo, panga au patasi. Chuma cha springi ni pua njema, hukubali makali na kuyatunza.

Sasa nitawaelezeni upesi ile mashine ya tarakimu ilikotoka. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufumia nguo uliofuata kadi zenye matundu; penye tundu uzi huu huinuka, pasipo na tundu hukaa. Mwaka 1949 Mmarekani John Parsons, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mapanga ya helikopta, alipewa kandarasi na jeshi la anga la nchi yake kutafuta njia ya kuongoza mashine ya kukatia chuma kwa hesabu. Chuo cha MIT kikaingia katika kazi hiyo, na mwaka 1952 kikaonyesha mashine iliyofuata tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Mashine hizo zilikuwa kubwa kama chumba, na gharama yake ilikuwa ya serikali, si ya mtu.

Mtu mwingine wa kukumbukwa ni Joseph Gerber. Alizaliwa Vienna mwaka 1924, akakimbilia Marekani kuokoka na Wanazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alitengeneza mashine ya kukatia vitambaa kwa viwanda vya nguo, iliyoongozwa na kompyuta na kufungwa kisu badala ya chuma cha kuzunguka. Lakini kisu kina taabu yake, na sasa ndio wakati wa kuuchukua ule wembe.

Wekeni karatasi juu ya kibao. Shikeni wembe wima, uvuteni kwenu polepole katika mstari ulionyoka. Umekata vizuri, sivyo? Sasa, bila kuugeuza wembe hata kidogo, uvuteni kwenda kulia.

(Hapa mwalimu alinyamaza kidogo ili wanafunzi wajaribu.)

Karatasi imekunjika na kuchanika. Kwa nini? Chuma cha kuzunguka hakina mbele wala nyuma. Kwenda popote kwake ni sawa. Wembe una uso, nao hukata kwa upande mmoja tu. Mkono wako unajua jambo hilo, ndiyo maana ukikata kitambaa huugeuza bila kufikiri. Mashine haina mkono wenye busara namna hiyo. Gerber alikipa kisu chake mota ya kukigeuza. Hiyo ni dawa ya mwenye kiwanda. Dawa ya fundi mdogo ni kukiacha kisu kijigeuze chenyewe.

Mmeona kihori kilichofungwa kwa kamba nyuma ya jahazi. Hakuna mtu ndani yake wa kushika usukani, na bado jahazi likienda kaskazini kihori huelekea kaskazini, likigeuka nacho hugeuka. Hufuata kwa sababu kiko nyuma ya kinachokivuta. Kisu cha mashine hufanywa vivyo hivyo. Ncha yake haiwekwi katikati kabisa ya kile kinachozunguka. Huwekwa nyuma kidogo, milimita moja au mbili. Mashine ikivuta, ncha huburutwa nyuma, na makali hujielekeza yenyewe njia inakokwenda.

Sasa sikilizeni jinsi kishikio kinavyotengenezwa, mwone kama hamjakisikia tayari leo. Chukueni kipande cha mti mgumu, mninga wafaa, kikatwe kwa kipimo cha kuingia mahali mota ya mashine inapofungwa. Kitobolewe tundu la milimita 22 kutoka juu hadi chini. Ndani ya tundu zikazwe beringi mbili ndogo, moja juu na moja chini, zile zenye tundu la milimita 8 ambazo hupatikana katika viatu vya magurudumu vya watoto. Katikati ya beringi upite msumari wa nati wa milimita 8, uliokazwa juu usichomoke. Mwisho wake wa chini ukatwe kwa msumeno wa chuma na kusawazishwa kwa tupa upande mmoja, na hapo kifungwe kwa skurubu kipande cha ule wembe wa kuvunjavunja unaouzwa katika maduka ya vifaa vya ofisi.

Kipande cha mti kilichotulia, ndani yake kitu kinachozunguka kwa hiari, na mwisho wake chuma cha kubadilishwa. Wazee, hilo si jivu? Na ule msumari wa nati si msukano? Kilichoondoka ni uta tu, kwa sababu hapa hatutaki msukano uende mbio. Twataka ugeuke pale tu njia inapogeuka.

Nilijaribu mwenyewe kutengeneza kimoja, nikisaidiwa na fundi wa vitanda mwenye mashine ndogo, na makosa yangu mtayapata bure. Kwanza niliona fahari kuiweka ncha ya wembe katikati kabisa. Nilidhani ndio usahihi. Kisu kikawa kama kihori kisicho na kamba, kikaelekea kinakotaka, na herufi O ya kwanza ilitoka kama jani lililoliwa na kiwavi. Pili, kwa ubahili, nilitia beringi moja. Msumari ukalegea, na mstari ulionyoka ukawa na mawimbi. Fundi hakunicheka, ila alinyoosha mkono na kunipa beringi ya pili, ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu mwanzo.

Kosa la tatu lilikuwa la hesabu, nalo huwapata wengi. Jahazi likikata kona ghafla, kihori hakipiti kona ile ile. Hupitia ndani yake. Kisu nacho hufanya hivyo. Katika herufi O hamtaona kitu, lakini katika M, N na A pembe hutoka zimeviringika, au hung'oka kabisa. Sharti kompyuta iambiwe kuwa ncha iko nyuma kwa milimita kadha. Ikijua, ikifika penye kona kali huinua kisu mpaka ncha tu ibaki imegusa, hukizungusha kidogo kama mtu anayegeuka kwa kisigino, kisha hukishusha na kuendelea.

Ninyi mtakaojaribu, mota ya kuchongea na iondolewe kabisa katika mashine, au walau ichomolewe katika umeme. Wembe huu haukuumbwa kuzunguka kwa kasi. Ukizunguka utaruka, na hakuna ajuaye utakwenda kwa nani. Kina cha kukata pia kina kipimo chake. Katika stika kisu kikate plastiki ya juu peke yake na kuiacha karatasi ya chini nzima, ndipo herufi ziweze kubanduliwa moja moja. Ngozi nyembamba hukatwa kwa kupita mara mbili tatu, kila mara kwa kina kidogo. Ngozi nene ya makubadhi mimi sikuiweza, na fundi wa viatu aliyekuwa akitutazama alisema angekwisha kukata jozi sita kwa mkono.

Mtasema, lakini mashine yenyewe si ya kununua? Ni kweli, walakini si kama zamani. Mwaka 2005 huko Uingereza mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Bath, Adrian Bowyer, alianzisha kazi ya kutengeneza mashine ndogo za tarakimu ambazo michoro yake hutolewa bure, mtu yeyote azijenge. Mwaka huo huo huko Italia kilitolewa kibao kidogo cha kuongozea mota kiitwacho Arduino. Mwaka 2009 Mnorwe Simen Svale Skogsrud alitoa bure programu ya kukiwezesha kibao hicho kuongoza mashine ya kukatia. Katika miaka ya 2010 vijana wa Dar es Salaam, katika karakana ya STICLab, walijenga mashine za kuchapa vitu vya plastiki kwa kutumia mota na fito zilizotolewa katika vyombo vya umeme vilivyotupwa. Wao walikwenda kwenye mashine ya kuchapa iliyokufa kama mhunzi anavyokwenda kwenye springi ya lori.

Baada ya wiki tatu nilimwita yule bibi aliyeniuliza swali la malori. Nilimwambia achague neno moja tulikate mbele yake. Nilitazamia atachagua jina lake, lakini alisema, "DARASA." Fundi alinitazama, maana neno hilo lina A tatu, na kila A ina kilele. A ya kwanza ilitoka salama. Ya pili ilichanika kileleni kidogo, kwa kuwa gundi ya stika ilikuwa imeganda katika wembe na hatukuusafisha. Ya tatu ikatoka salama. Tulitaka kulikata upya, akakataa. Akalibandua neno lake herufi kwa herufi, akilitaja kwa sauti, akalibandika juu ya mlango wa chumba tunamosomea. A iliyochanika mtaiona mkipita, iko upande wa kulia wa R.

Wiki ijayo kila mmoja aje na kipande cha chuma chakavu: msumari, springi, au ubapa wa panga kuukuu. Tutasoma jinsi mhunzi anavyojua kwa rangi ya moto kwamba sasa ni wakati wa kukitosa majini. Na mwenye mzee nyumbani amwulize kama keekee ya karakana yao ilikuwa na jivu la mti gani, atuletee jibu. Kwaherini.